Brashi na Chaki

Karibu na posta ya mji wa kale wa Lilongwe, nchini Malawi, wauza sanaa hupanga kazi zao kando ya barabara: vinyago, vikapu na picha za rangi. Mpita njia husimama, huuliza bei, huomba apunguziwe, na mara nyingi huenda zake mikono mitupu. Mwendo wa kilomita 40 na ushei kutoka hapo ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kiswahili husemwa sana humo, kwani wengi walitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Na wamo pia vijana wenye kipaji cha kuchora. Mzazi wa kijana wa namna hiyo, awe kambini au katika kota za askari, hana budi kujiuliza: Je, mtoto huyu atakula rangi?

Wengi hukata shauri upesi. Mtoto na asomee ualimu, aache kuchora, kwani mshika mbili moja humponyoka. Maisha ya marehemu Sam Ntiro yanatoa jibu jingine.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Katika Chuo cha Makerere, Uganda, alifundishwa na Margaret Trowell, mwalimu ambaye hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia habari, kisha akamwacha kila mmoja achore kama alivyoiona moyoni mwake. Baadaye Ntiro naye akashika chaki papo hapo Makerere. Kati ya mwaka 1952 na 1955 alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, lakini hakurudi akichora kama Mwingereza. Aliendelea kuchora vijiji: migomba, vilima, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi bega kwa bega.

Mwaka 1960 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilinunua picha yake aliyoichora mwaka 1956. Inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha kama hiyo si ya kumvizia mtalii mwenye haraka. Mchoraji aliyekuwa na mshahara wa ualimu aliweza kuichora bila kuhofia kwamba isiponunuliwa Jumamosi, watoto watalala na njaa. Chaki ililinda brashi.

Hata hivyo, kazi mbili zina gharama yake. Kazi ya umma hula mchana wa mtu, na Ntiro alipewa nyingi. Kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London, na baadaye alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini hakutenganisha alichokichora na alichokifundisha. Vyote viwili vilisema kwamba maisha ya mkulima yanastahili kutazamwa. Alipofariki mwaka 1993 aliacha picha, na aliacha pia wanafunzi.

Kijana wa Dzaleka ana njia nyembamba zaidi, kwani sheria za Malawi zinawabana wakimbizi wasiishi wala kufanya kazi nje ya kambi wapendavyo. Lakini kufundisha wadogo zake anaweza kuanza leo, chini ya mti, kwa kipande cha mkaa.

Basi mzazi asimpokonye mtoto brashi, wala asimwache aache shule kwa ajili yake. Amnunulie daftari na penseli. Amwambie achore mama yake akichota maji, si simba ambaye hajapata kumwona. Kisha amwombe amwonyeshe mdogo wake jinsi alivyofanya. Hapo atakuwa ameanza kazi zote mbili kwa siku moja.