Gallardo Kuukuu ya Kitengela

Hoja iliyochapishwa ni hii: mkazi wa Kitengela aliyeuza Nissan GT-R yake aagize Lamborghini Gallardo kuukuu kutoka Japani, kwa kuwa bei zimeshuka na barabara ya Namanga imenyooka.

Imenyooka, ndiyo. Ila nchini Kenya, hata kwenye barabara pana kabisa, kikomo ni kilomita 110 kwa saa, na injini ya V10 hufika hapo kabla dereva hajamaliza kupiga chafya. Kisha anakata kona kwenda nyumbani, na Kitengela inamlaki kwa matuta na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunasa hata Toyota Probox. Inaelekea mwandishi wa hoja hiyo huishia kwenye lami.

Hiyo bei nafuu ndiyo kichekesho. Mamlaka ya mapato, KRA, haikokotoi ushuru kwa risiti ya muuzaji. Hutumia orodha yake ya bei za magari, kisha ikapunguza uchakavu. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi lita 3. Halafu VAT. Hata mnunuzi apunguziwe bei huko Japani mpaka acheke, hesabu ya Mombasa haitikisiki.

Tena hesabu yenyewe haifiki huko! Gallardo ya mwisho iliundwa 2013, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mtu anashauriwa, kwa uzito wote, anunue gari lisiloweza kutoka bandarini.

Porsche Macan changa ya lita 2 ingepita bandarini na kwenye matuta pia. Tatizo lake ni kwamba haingurumi vya kutosha kuandikiwa makala.