Ng'ombe Aliyechoshwa Hatoi Nyama Nzuri

Bila shaka umepata kuona nyama ya ng'ombe iliyo nyeusi, inayonata mkononi, na ambayo huanza kunuka upesi. Watu husema ng'ombe alikuwa mgonjwa, au humlaumu mwenye bucha. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika njiani, ng'ombe akipelekwa kuchinjwa, nasi wafugaji ndio tuliolifanya.

Sababu ni hii. Msuli wa ng'ombe una ghala lake. Chakula anachokula humpatia sukari mwilini, na sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba ndani ya msuli. Wataalamu huiita glaikojeni. Akiba hii si kubwa. Katika kilo 100 za msuli ni kama kilo 1 tu, au zaidi kidogo. Ng'ombe akitembea polepole, msuli huichoma akiba hiyo kwa msaada wa hewa anayovuta, nayo hudumu. Akikimbizwa, hewa haitoshi. Hapo akiba hutumika ovyo na kwisha upesi, na msuli hufanya asidi, ile ile iliyomo katika maziwa lala.

Sasa angalia jambo la ajabu. Ng'ombe akiisha kuchinjwa, msuli haufi papo hapo. Kwa saa nyingi huendelea kuitumia akiba iliyobaki, bila hewa, na kufanya asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi nyekundu ya kupendeza, na kuwazuia vijidudu wanaoiozesha wasizae upesi. Wewe mwenyewe wajua kuwa maziwa lala hukaa kuliko maziwa mabichi. Lakini ghala likiwa tupu, asidi itatoka wapi? Katika kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi, msuli wa ng'ombe aliye hai ni karibu 7. Nyama nzuri hushuka hata karibu 5.5. Ile ya ng'ombe aliyechoshwa hubaki juu ya 6.

Basi mimi naona ni upumbavu kumlisha fahali miaka mitatu, kisha kuiharibu nyama yake kwa siku moja ya fimbo. Wengine watasema, "Mimi nalipwa kwa kichwa; nyama ikiharibika ni shauri la mnunuzi." Haya ni mawazo mafupi. Mnunuzi aliyepata hasara leo, kesho atapunguza bei, na atakayeumia ni wewe na jirani zako.

Wala usidhani kwamba kumpumzisha usiku mmoja kutatosha. Ng'ombe hulijaza ghala lake polepole sana, na huhitaji siku kadhaa za malisho mema. Afadhali usilimalize. Mpeleke mapema, wakati wa baridi ya asubuhi, kwa mwendo wake mwenyewe. Mpe maji ya kutosha. Usiwachanganye mafahali wasiojuana, kwani watapigana usiku kucha. Ukiwapakia katika lori, usiwasonge. Na fimbo hiyo iache nyumbani.

Mambo haya hayahitaji fedha. Yahitaji subira tu. Mwenda pole hajikwai, na ng'ombe wake hufika sokoni akiwa na thamani yake yote.