Kijana, unataka kuwa komisioneri wa parseli?



Huku kwetu, toka Nyangwe mpaka Kasongo na Kabambare, kijana akitoka machimboni na feza kidogo ya zahabu, jambo la kwanza analowaza ni parseli. Hapo anatokea kijana mwingine, shati safi, anasema: «Mimi niko komisioneri, nitakuonyesha.» Ile kazi si mbaya. Kukutanisha mwenye kuuza na mwenye kununua ni msaada, na msaada unalipwa. Lakini nani amekupa ruhusa? Na unauza nini?

Juu ya ruhusa, sikieni. Kenya ilitunga sheria ya mawakala wa nyumba na mashamba mwaka 1984: mtu asiyeandikishwa na bodi yao hana haki ya kufanya kazi hiyo. Kongo nayo iko chini ya sheria za biashara za OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria hizo zinamhesabu dalali, ndiye komisioneri wetu, kuwa mfanyabiashara kweli. Anapaswa kujiandikisha katika rejista ya biashara. Anapaswa kusimama katikati bila kupendelea upande. Tena asiingie mwenyewe katika mapatano, isipokuwa pande zote mbili zimekubali. Usiseme: «Ile ni ya watu wa Kinshasa.» Uliza ofisini, ujiandikishe.

Sasa kitu unachouza. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka udongo wote kuwa mali ya Leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Kifungu cha 219 kilisema haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa, kinachotoka kwa konservateri wa vyeti vya udongo. Karatasi ya shefu ni ushuhuda mzuri, lakini si cheti. Na kijijini, kwenye mashamba ya ukoo, desturi inasimama: mtu mmoja asiuze pasipo wazee wake. Na zahabu iliyo chini? Sheria ya madini ya 2002 imeitenga na udongo wa juu, nayo ni ya Leta. Usimdanganye mnunuzi kwamba amenunua parseli pamoja na shimo.

Basi, kabla feza haijatoka, fanya haya:

1. Fikeni kwenye parseli pamoja na shefu na majirani. Mipaka ionyeshwe kwa miguu.

2. Uliza kwa konservateri kama cheti kiko, na kwa jina la nani.

3. Uliza mama wa nyumba. Sheria ya Jamaa ya 1987 inataka mume na mke wote wawili wakubali. Machozi mengi yanatoka hapa: baba anauza, mama anapata habari siku watu wanapokuja kutoa vyombo na watoto inje.

4. Feza ipite toka mkono wa mnunuzi mpaka mkono wa muuzaji, mbele ya mashahidi, kwa risiti. Isilale katika mfuko wako hata usiku mmoja.

5. Usiwaache njiani. Wasindikize mpaka cheti kibadilishwe jina.

Someni Yeremia sura ya 32. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, naye nabii ananunua shamba kwa shekeli 17 za feza. Anaandika hati, anaita mashahidi, anapima feza mbele yao. Nakala moja ina muhuri, moja iko wazi, na zote mbili zinawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Vita haikumzuiza kuandika. Sisi wa Maniema tuliopita vita ya 1996 na ya 1998 tunaelewa sababu: mtu anakimbia, anarudi, anakuta mwingine amelala katika nyumba yake. Siku ile karatasi ndiyo inasema.

Kijana, komisioneri anayeuza parseli moja kwa watu wawili anakula mara mbili, halafu anaogopa kupita sokoni. Yule anayeuza kwa haki, jamaa ile ile itamtuma kwa ndugu zao. Chagua mapema unataka kuwa nani.