Ukubwa wa Bunduki si Ufundi wa Kuwinda



Katika internati watu wanabishana sana juu ya bunduki, na kila mara neno la mwisho ni moja: ile inayolia kwa nguvu njo ya kweli. Mimi nakataa. Nachukua mufano wa Amerika, kwani kule mabishano hayo yanarudi kila mwaka, wakati watu wanajitayarisha kumuwinda ayala wa mukia mweupe.

Nyama huyu ni wa jamii ya ayala tunayemusoma katika Zaburi 42. Dume lililokomaa mara nyingi lina kilo 60 mpaka 130. Haiko nyati, haiko tembo. Risasi ikiingia nyuma kidogo ya muguu wa mbele, mahali pa moyo na mapafu, hafiki mbali.

Sasa tuangalie kartushi zenyewe. Ile .30-30 Winchester ilitoka mwaka 1895. Risasi yake inakwenda karibu meta 700 kwa segonde. Ni ya zamani, lakini katika pori la miti mingi, ambako nyama anaonekana chini ya meta 100, inatosha kabisa. Ile .30-06 ilitengenezwa kwa waaskari mwaka 1906. Inakwenda karibu meta 890 na inafaa mbali zaidi. Ile .243 Winchester ni ya 1955: risasi ya gramu 6 na nusu tu, lakini ya mbio, na inasukuma bega la muwindaji karibu nusu ya .30-06. Tena kuna zile za magnum, kama .300 Winchester Magnum ya 1963, nguvu juu ya nguvu.

Vijana wanapenda hiyo ya mwisho. Lakini bunduki ikikuumiza bega leo, kesho unafunga macho mbele ya kufyatua. Ukifunga macho, risasi inapiga tumbo ao muguu. Nyama anakimbia na kidonda, anakufa pole pole katika kichaka, na hakuna anayemukula. Nguvu ile yote ilisaidia nani?

Mutu atasema: nguvu nyingi inafunika kosa kidogo. Hapana! Tumbo likitobolewa na risasi kubwa linabaki tumbo. Heri mwenye .243 aliyejizoeza kupiga alama, kuliko mwenye magnum anayeogopa bunduki yake mwenyewe.

Tena tufikiri juu ya watu. Risasi ya .30-06 inaweza kuruka zaidi ya kilometa 3. Ndiyo sababu jimbo la Ohio, lenye mashamba tambarare na nyumba nyingi, kwa muda mrefu halikuruhusu karabini za namna hii kwa ayala. Watu walitumia kalibre 12, sawa na ile wazee wetu wanayoijua. Mwaka 2014 wakaruhusu karabini, lakini za kartushi yenye ganda lililonyooka tu, ambayo risasi yake haifiki mbali sana. Basi kuchagua bunduki ni kumufikiri pia jirani asiyeonekana.

Na neno la mwisho. Karibu na mwaka 1900 ayala hao walibaki karibu 500,000 tu. Leo wanahesabiwa karibu milioni 30. Haikuwa bunduki kubwa iliyowaokoa. Ni sheria, majira ya kuwinda na majira ya kuacha, na kodi ya 11 kwa mia juu ya bunduki ndefu na kartushi, iliyotengwa kwa sheria ya mwaka 1937 ili kulinda nyama. Na sisi? Kwetu kalibre 12 inapiga chochote kinachopita, hata jike mwenye mimba, kisha tunashangaa kwamba pori limenyamaza.

Kwa hiyo, ndugu, mutu akikuuliza bunduki gani ni nzuri, umuulize kwanza: unawinda nyama gani, umbali gani, na nyuma yake kuna nani? Asiyeweza kujibu, asipewe hata kartushi moja.

Anayepinga, aandike. Tutamusoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano