Gari Lioshwe kwa Ndoo

Mtu akipita asubuhi ya Jumapili katika mitaa yetu ya mjini hakosi kuona magari yaliyoegeshwa mbele ya baraza, milango wazi, redio zikilia, na vijana wameshika mipira ya maji. Pembeni, mara nyingi si hatua ishirini kutoka hapo, kina mama na watoto wamepanga madumu wakingoja zamu ya mfereji. Hatuandiki leo kumlaumu mwenye gari. Kuosha gari ni jambo la lazima, na kwetu sisi watu wa visiwani ni la lazima kuliko mahali pengi. Tunaandika kwa kuwa tumeona kwamba wengi wetu tunaosha kwa namna ambayo humpotezea jirani maji yake na papo hapo hulidhuru gari lenyewe.

Adui wa gari hapa kwetu ni chumvi. Kaskazi ikivuma au kusi, upepo unatoka baharini, na unakuja na rasharasha ambazo macho hayazioni lakini ulimi ukigusa kioo cha gari lililolala Malindi au Mizingani huzitambua. Chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma. Chuma chenye maji ya chumvi hushika kutu upesi zaidi kuliko chuma kilicholowa maji ya mvua. Wala kutu haianzii pale tunapopasugua. Huanzia chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu, kwenye maungio ya bati na katika shasi, mahali ambapo vumbi na chumvi hugandamana vikawa tope lisilokauka. Mtu hung'arisha boneti hata akajiona usoni, ilhali chini gari linaliwa.

Hapa yafaa tuungame kosa letu wenyewe. Gari dogo linalosambaza gazeti hili lilioshwa kila siku kwa miaka kadhaa, na sisi tulijisifu kwa usafi wake. Lilioshwa kwa sabuni ya unga iliyobaki ya kufulia, likasuguliwa kwa makumbi, na hakuna aliyewahi kuinama kuosha chini. Siku moja fundi alikigusa kizingiti cha mlango kwa bisibisi, na bisibisi ikapenya kama inayochoma papai bivu. Alipotazama zaidi alituonesha paipu ya breki iliyokwisha kuvimba kutu. Kizingiti ni hasara ya fedha. Paipu ya breki ikipasuka katika gari la abiria linaloteremka mlima, hasara yake hailipiki kwa fedha, na hilo ndilo linalotufanya tulichukulie jambo hili kwa uzito huu wote.

Tuanze na maji. Wapo wanaolipeleka gari pwani maji yakiwa yametoka, kwa hoja kwamba bahari haina bili. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni sawa na kulimwagia gari chumvi inayozidi nusu kilo. Gari lililogusa bahari, yakiwemo yale yanayobeba samaki, yapasa lisuuzwe siku hiyo hiyo, chini na juu, kwa maji matamu. Visima vingi vya uwandani, karibu na pwani ya mashariki, navyo vina maji ya chumvichumvi. Hayo nayo hayafai kwa gari, japokuwa hatuna la kumwambia mtu ambaye hayo hayo ndiyo anayoyanywa.

Hata maji yetu matamu yana tabia yake. Hutoka katika mawe ya chokaa, na kwa hiyo ni magumu: sabuni haitoi povu vizuri, na tone likikaukia juani huacha doa jeupe. Watu huona povu limepungua wakaongeza sabuni, kisha wakahitaji maji mengi zaidi ya kuisuuza. Maji ya mvua hayana ila hiyo. Ni laini, hayana chokaa, na kwa kuoshea gari hakuna yanayoyashinda. Nasi katika masika tunayaacha yakimbie barazani na kuingia mtaroni, kisha mvua ikisha tunafungua mfereji kuosha matope yaliyoletwa na mvua ile ile.

Kuhusu sabuni, kosa lililoenea ni kudhani kwamba kinachong'oa mafuta katika kanzu kitalifaa gari. Sabuni ya unga imetengenezwa iwe kali. Hung'oa uchafu, lakini huondoa pia nta iliyowekwa juu ya rangi kuilinda, na chembe zake zisizoyeyuka hukwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea sahani ni nafuu kidogo, ila nayo huivua nta, na nyingi huwekwa chumvi ndani ili ziwe nzito: kwa hiyo mtu anayepigana na chumvi huwa ameinunua nyingine dukani. Kinachofaa ni shampuu ya gari. Bei yake ikitajwa watu hushtuka, lakini kifuniko kimoja au viwili hutosha ndoo nzima, na chupa moja hudumu miezi. Asiyeweza kuinunua ni afadhali aoshe kwa maji matupu mara nyingi na atumie sabuni mara chache.

Makumbi yabaki jikoni. Yanasugua sufuria vizuri sana, lakini juu ya rangi ya gari hufanya kazi ya msasa. Majivu na mchanga, kadhalika. Sponji laini inafaa, na kitambaa cha mikrofaiba kinafaa zaidi. Fulana kuukuu ya pamba isiyo na vifungo wala pindo gumu nayo itamfaa asiye nacho. La kushika ni moja: kitambaa kikianguka chini kisirudi juu ya gari kabla ya kufuliwa, maana punje moja ya mchanga iliyoshikwa humo hupiga mistari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma.

Sasa namna ya kuosha. Gari lisiwe na joto, wala lisioshwe kwenye jua la mchana. Asubuhi mapema au baada ya alasiri ndiyo saa yake, na pawe na kivuli. (Kivuli cha mwembe kina hatari zake. Utomvu hushika rangi, na kunguru wetu, ambao hawajapata kumheshimu mtu yeyote, huangusha juu ya gari kile ambacho kisipoondolewa upesi kwa kitambaa kilicholowa huila rangi.) Anza chini. Chukua maji na kopo, au bomba dogo la mkono la kupulizia dawa ambalo halijapata kutiwa dawa, uyapeleke ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya matairi na chini ya vizingiti mpaka tope litoke. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, kwani vikiziba mlango hugeuka kuwa mtungi. Mwagia maji juu yote ili vumbi lishuke kabla ya kugusa. Kisha weka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu. Kila ukisha sehemu moja, suuza kitambaa katika ndoo ya maji matupu ndipo ukirudishe katika sabuni. Shuka kutoka paa kuelekea chini, wala usiache sabuni ikauke. Magurudumu yawe na kitambaa chake, maana vumbi la breki ni chembe za chuma. Ukisha suuza, kausha mara moja, na acha milango wazi robo saa ili upepo upite. Nta ipakwe kila baada ya miezi michache. Maji yanapoacha kufanya matone na kutandaa juu ya boneti kama juu ya karatasi, nta imekwisha.

Kazi yote hiyo haizidi ndoo nne za lita 20, yaani lita 80, na mwenye mkono mwepesi hutumia tatu. Linganisha na mpira. Mpira unaotoa lita 10 tu kwa dakika, ukiachwa wazi nusu saa huku mwoshaji akizungumza na wapita njia, umemwaga lita 300, nayo ni madumu 15 ya wale kina mama tuliowataja. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipoleta mjini maji ya chemchem kwa mabomba, hakuna aliyekuwa na gari. Hata katika hesabu ya watu ya 1978 Zanzibar nzima haikufika watu nusu milioni. Ile ya 2022 ilipita milioni 1.8. Maji ya ardhini yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, bahari huingia kushika nafasi yake.

Kuna ada mbili ambazo lazima tuzikataze waziwazi. Moja ni kupulizia dizeli au oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Mafuta hayo hulainisha na kuvimbisha mipira, hukusanya vumbi, na mvua ya kwanza huyapeleka ardhini. Ya pili ni kuoshea gari kisimani au pembeni mwa chemchem kwa sababu maji yako karibu. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu tele. Kinachomwagwa juu hushuka upesi bila kuchujwa, na anayechota kesho ni yule yule aliyemwaga leo. Gari lioshewe mbali na kisima, penye udongo na majani, upande wa chini wa mteremko.

Kwa waheshimiwa wakuu wa idara tuna neno mahsusi. Magari ya Serikali ni mali ya wananchi, na tunayaona yakioshwa kwa mpira unaotiririka katika nyua za ofisi hata siku ambazo mitaa ya jirani haina maji. Tunajua madereva hawana pa kutoa lawama: wanaamriwa gari ling'are, lakini hawapewi hata kitambaa, wakalazimika kuomba sabuni ya unga jikoni. Idara ikitenga fungu la matairi na la mafuta, haishindwi kutenga la shampuu, ndoo mbili, vitambaa na nta kwa kila gari. Katika ukaguzi wa magari, mkaguzi asitazame boneti. Ainame na tochi atazame shasi na paipu za breki. Mpira wa maji uondolewe katika nyua hizo, na paa za bati za ofisi, ambazo ni kubwa na zimekaa bure, ziwekewe milizamu na matangi ya maji ya mvua kwa kazi hii. Halmashauri nazo ziwaoneshe vijana wanaojipatia riziki kwa kuosha magari mahali palipo mbali na visima, badala ya kuwafukuza tu kutoka pembe moja ya barabara hadi nyingine.

Sisi katika ofisi hii tumekwisha kununua ndoo. Kizingiti cha gari letu kimechomelewa upya, paipu ya breki imebadilishwa, na dereva wetu, ambaye mwanzoni alituona tumeingiwa na ubahili, sasa huinama chini ya gari kila Alhamisi jioni. Tangi limewekwa nyuma ya jengo. Kilichobaki ni mlizamu, na fundi ametuahidi kuufunga kabla ya masika.