Nyaya za alumini: acheni kusokota!

Wabongo mlioko Marekani, hasa mnaonunua nyumba za zamani, hii ni yenu. Nyumba nyingi zilizojengwa huko kati ya 1965 na 1973 ziliwekwa nyaya za alumini kwa kuwa shaba ilipanda bei. Leo anakuja fundi wa bei poa, anasokota alumini na shaba pamoja, anazungusha tepu, anachukua chake. Eti kazi imekwisha!

Imekwisha wapi? Alumini ikipata joto hutanuka kuliko shaba, ikipoa hunywea, na kiungo hulegea. Juu yake hujengeka utando unaozuia umeme, basi joto linazidi. Wala msijidanganye na sakiti breka: umeme unaopita haujazidi kiwango, kwa hiyo breka inatulia tu huku soketi inaungua ukutani. Mwaka 1974, watu wawili walikufa kwa moto wa namna hii Hampton Bays, New York.

Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani (CPSC) inakubali njia tatu tu za kudumu: kuweka nyaya mpya za shaba nyumba nzima; COPALUM, inayobanwa kwa mashine maalumu na fundi aliyefunzwa; au AlumiConn, ambayo skrubu zake hukazwa kwa kipimo. Vile vikofia vya zambarau vya kusokota havimo.

Ghali? Ndiyo. Lakini umekopa nyumba ya miaka 30, halafu unabania kiungo cha waya? Muulize fundi anaungia kitu gani. Akikujibu "tepu", mwambie kwaheri.