Printa ya Kununua Si Akiba

Huduma ya uchapishaji kwa mkataba ni biashara ya kuuza kurasa, si mashine. Kampuni inayoitoa huleta printa, wino, vipuri na fundi. Mteja hulipia kurasa zilizotoka, kama zinavyohesabiwa na kaunta ya mashine yenyewe. Utaratibu huu ni wa zamani. Xerox 914, iliyotoka mwaka 1959, ilienea Marekani kwa kukodishwa dola 95 kwa mwezi, kopi 2,000 za kwanza zikiwa ndani ya bei hiyo. Lakini muuzaji anayezunguka Kigali na mkataba wa namna hii hupokewa kwa jibu lilelile: mwenye akili hununua yake. Wakala mmoja wa forodha wa Gikondo alimfukuza muuzaji mbele ya wafanyakazi, akisema kulipia ukurasa ni kumlipa mtu kodi ndani ya ofisi yako mwenyewe. Wafanyakazi wakapiga makofi. Walichoshangilia ni hasara yao.

Bei ya printa ni sehemu ndogo ya gharama ya kuchapa. Mzigo uko kwenye wino, na ndiyo maana printa ndogo huuzwa rahisi. Katriji inayokuja nayo mara nyingi haijajazwa kama ile ya dukani, na ya dukani nayo ina hesabu yake. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kurasa za majaribio zenye maandishi machache, ambayo kwa printa ya leza isiyo ya rangi hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Ofisi ya forodha haichapi kurasa za namna hiyo. Inatoa ankara zilizojaa mistari, orodha za mizigo, na kopi za pasipoti zenye picha nyeusi tii. Wino hukatika mapema, mwenye ofisi humlaumu muuza duka, kisha hununua katriji nyingine. Gawanya bei ya katriji kwa kurasa zilizotoka kweli: hiyo ndiyo bei ya ukurasa, na ofisi nyingi za Kigali hazijawahi kuitafuta.

Kuna gharama nyingine isiyofika kwenye daftari. Lori limesimama kwenye maghala ya forodha ya MAGERWA, nyaraka zinasubiriwa, taa ya printa imewaka nyekundu. Kijana anapandishwa pikipiki kwenda mjini kutafuta wino, anarudi na katriji iliyojazwa upya. Karatasi ya kwanza inatoka na mstari mweusi upande wa kushoto, ya pili hivyohivyo, ya tatu inakwama. Saa za kuhifadhi mzigo zinahesabiwa. Mafuta, nauli, muda wa karani na hasira ya mteja havionekani popote kwenye risiti ya printa ya bei nafuu. Katika mkataba ulioandikwa vizuri, shida hiyo ni ya mtoa huduma: mashine humwarifu wino unapopungua, na akichelewa analipa yeye.

Wengine hujitetea kwamba Kigali inaachana na karatasi, kwa kuwa Irembo, tovuti ya huduma za serikali, ipo tangu 2015 na zabuni za serikali ziko kwenye mfumo wa mtandaoni wa Umucyo. Ni hoja dhaifu kuliko zote. Kama karatasi inaisha, anayeumia ni aliyenunua mashine. Na karatasi haijaisha, kwa sababu bado kuna ofisi zinazompa mwananchi cheti cha kielektroniki kisha kumtaka akakichape, akipeleke mkononi, kigongwe muhuri. Tabia hiyo ni uonevu mtupu, na inastahili kukomeshwa kabla ya hotuba nyingine yoyote kuhusu teknolojia.

Wauzaji wa mikataba nao wana lao. Baadhi huficha kiwango cha chini cha kurasa ambacho mteja hulipia hata asipochapa. Nembo ndogo ya bluu pembeni hufanya ukurasa mzima uhesabiwe kuwa wa rangi. Mteja hufungwa kwa miezi 36 au 60 bila kuambiwa atatokaje. Diski ya mashine kubwa huweza kubaki na nakala za vitambulisho vya wateja, na sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inamdai mwenye ofisi azilinde. Mkataba usiosema nani ataifuta diski hiyo haufai kusainiwa. Hizo ni sababu za kusoma mkataba kwa makini, wala haziifanyi printa ya dukani kuwa rahisi.

Mwenye ofisi anayetaka ukweli akusanye risiti zote za wino, vipuri na mafundi za miezi 6. Achape ripoti ya kaunta kutoka menyu ya printa mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho, agawanye gharama kwa kurasa, ndipo amwite muuzaji.